Marufuku ya mahindi ya Machi 2021: uliberali unaieleza vipi Jumuiya ya Afrika Mashariki?

Mdadisi_Njiro

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwenye jambo ambalo vitabu vingi vinalipita juu juu.

Nadharia ya uliberali inasema dola zinaweza kushirikiana hata kama hakuna mamlaka iliyo juu yao, kwa kuwa taasisi hupunguza gharama za kufikia makubaliano, husambaza taarifa na kumfichua anayekiuka. Sasa tazameni kwetu. Umoja wa Forodha wa Jumuiya yetu (EAC) ulianza 1 Januari 2005, Soko la Pamoja likaanza 1 Julai 2010. Kiwango cha mahindi ni kimoja kwa nchi zote, EAS 2: unyevu usizidi 13.5%, sumukuvu (sumu inayotokana na ukungu) kwa jumla isizidi 10 ppb, yaani sehemu 10 kwa bilioni, na ile ya aina ya B1 isizidi 5. Kuna sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango na upimaji, na nyingine ya 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha. Pamoja na yote hayo, tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilitoa barua moja, mahindi ya Tanzania na Uganda yakazuiwa papo hapo. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti.

Ninachotaka kujua: je, tukio hili linaiangusha nadharia? Uliberali una matawi mengi, la biashara, la kidemokrasia, la kitaasisi. Lipi linafaa hapa? Na mwenzangu wa upande wa uhalisia, nadharia inayoona dola zikishindania nguvu, anasisitiza kwamba nchi hazijali nani kapata nini, zinajali nani kapata zaidi, na ndiyo maana EAC ya kwanza ilikufa. Huyu nimjibu kwa ushahidi gani?

Kaskazi

Karibu ndugu Mdadisi. Anza kwa kubadilisha kipimo. Unapima nadharia kwa kuuliza kama nchi ziligombana, wakati uliberali wa kitaasisi haujawahi kuahidi kwamba wenye taasisi hawatagombana. Keohane, mwananadharia wa tawi hilo, mwaka 1984 alitenganisha hali mbili. Kuna hali ambapo kila mmoja akifuata maslahi yake mwenzake ananufaika bila hata kuzungumza. Hapo taasisi haina kazi. Ushirikiano ni pale ambapo maslahi yanagongana, kisha pande zote zinarekebisha mwenendo wao kwa majadiliano. Ugomvi ndio unaoipa taasisi kazi. La kupima ni kama ugomvi ulikuwa mfupi zaidi, wa gharama ndogo zaidi na wenye njia ya kutokea, kuliko ambavyo ungekuwa bila taasisi.

Hatua ya pili, jua ni tatizo la aina gani. Kukubaliana kwamba kiwango kiwe 10 ppb badala ya 15 ni suala la kupanga tu: mkishachagua, hakuna anayefaidika kwa kwenda kinyume. Kufungua soko ni jambo jingine. Hapo upo kwenye ule mtanziko wa wafungwa, ambapo kila mmoja anashawishika kusaliti ingawa wote wangenufaika kwa kushirikiana, na inafaa uandike hesabu yake wazi.

Tuseme nchi zote mbili zikifungua soko kila moja inapata 3. Zote zikifunga, kila moja 1. Moja ikifunga huku jirani kafungua, iliyofunga inapata 5 na jirani 0. Mchezo ukichezwa mara moja tu, kufunga kunalipa, jirani afanye atakalo. Sasa uchezeni kila msimu wa mavuno, na uwezekano wa kukutana tena msimu ujao tuuite w. Anayeshirikiana siku zote anavuna 3/(1 − w). Anayesaliti, akaadhibiwa moja kwa moja, anapata 5 mara ya kwanza kisha 1 kila msimu, yaani 5 + w/(1 − w). Weka w = 0.9: kushirikiana 30, kusaliti 14. Weka w = 0.3: kushirikiana takribani 4.3, kusaliti 5.4. Mizani inageuka kwenye 0.5. Kenya na Tanzania haziwezi kuhama, kwa hiyo w yao iko juu mno. Kwa hesabu hii peke yake zingeshirikiana bila shida, na wengi huishia hapa wakashangaa mbona hazishirikiani.

Kinachokosekana kwenye hesabu ni makosa ya taarifa, na kwenye mahindi makosa hayo unaweza kuyashika kwa mkono. Sumukuvu haisambai sawasawa ndani ya gunia. Inakaa kwa vishada: punje chache zilizoota ukungu au kutobolewa na wadudu hubeba karibu sumu yote, zilizobaki ni safi kabisa. Mpimaji akichoma bambo, kile chuma cha kutolea sampuli, kwenye magunia matano ya pembeni mwa lori la tani 28, anaweza kukikosa kishada na kuandika 3 ppb. Mwenzake ng'ambo ya mpaka akachoma gunia la sita, akapata 40. Wote wawili ni waaminifu, mashine zote nzima. Sehemu kubwa ya tofauti kati ya vipimo vya sumukuvu hutokana na namna sampuli ilivyochukuliwa, si maabara. Ndiyo maana inatakiwa kuchukua sampuli ndogo ndogo nyingi kutoka pande zote za shehena, juu, katikati na chini, kuzichanganya zifike kilo kadhaa, kisha kusaga zote kabla ya kupunguza kiasi cha kupima. Ukipunguza kwanza ndipo usage, umeshapoteza kishada.

Rudi kwenye mchezo. Mkakati wa jino kwa jino, yaani kumtendea mwenzako kama alivyokutendea mara iliyopita, uliong'ara kwenye mashindano ya kompyuta ya mtafiti Axelrod, unafanya vizuri pale kila mmoja anapouona mwenendo wa mwenzake sawasawa. Ingiza kosa moja la kusoma na unaharibika: Kenya inaamini Tanzania imepeleka mzigo mbovu, inafunga, Tanzania inaona soko limefungwa bila sababu, inajibu, jibu hilo linaonekana ni uchokozi mpya. Tiba ni mbili, kusamehe mara moja moja au kupunguza makosa ya kusoma. Taasisi inafanya hiyo ya pili, na thamani yake naiona hapo kuliko kwenye hotuba zote za undugu.

Sasa yasome masharti yaliyotolewa zuio lilipoondolewa: waagizaji wasajiliwe, kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi 10 ppb, kuwe na cheti cha uasili wa bidhaa, maghala yatajwe. Yote manne ni ya taarifa. Hakuna hata moja lililobadilisha nani mkubwa na nani mdogo.

Pengo la kitaasisi nalo linaonekana. Sheria ya 2006 inasaidia zaidi bidhaa yenye alama ya ubora ya shirika la viwango la nchi mojawapo. Unga wa pakiti una alama hiyo. Mahindi ya gunia yaliyokusanywa kwa wakulima mia moja hayana, kwa hiyo yanapimwa huku na kupimwa tena kule. Na gharama ya kipimo haipungui sana eti kwa kuwa mzigo ni mdogo. Mwenye pikapu ya tani moja anaumia kuliko mwenye semitrela, naye ndiye anayekimbilia njia za panya, ambako hakuna kipimo chochote. Masharti yanayolenga kuongeza taarifa yakipangwa vibaya huzipunguza.

Kuhusu matawi: la amani ya kidemokrasia liweke kando, hapa hakuna swali la vita. La biashara litakueleza kwa nini wanataka kufungua. La kitaasisi litakueleza kwa nini wanafanikiwa au wanakwama. Kuna la nne hukulitaja, la maslahi ya ndani ya nchi, nawaachia wengine.

Bi_Tabora

Kaskazi kaueleza vizuri upande wa taarifa. Ila mdogo wangu Mdadisi, ukiishia hapo mwenzako wa uhalisia atakumaliza kwa mwaka mmoja tu, 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika. Hoja yake ina uzito na usiidharau. Grieco, mwanazuoni wa uhalisia, aliiandika mwaka 1988: dola inaogopa kwamba faida kubwa ya mwenzake leo itageuka kuwa nguvu dhidi yake kesho, kwa hiyo inaweza kukataa mpango unaoinufaisha yenyewe. Jibu lake lipo kwenye Mkataba wenyewe wa 1967 ulioanzisha Jumuiya hiyo, wala si mbali.

Mkataba ule, uliosainiwa Kampala Juni 1967 na kuanza kazi 1 Desemba mwaka huo, haukupuuza mgawanyo. Kulikuwa na kodi maalumu iliyoiruhusu nchi yenye upungufu wa biashara ya bidhaa za viwandani kutoza bidhaa za jirani, isizidi nusu ya ushuru wa nje. Kulikuwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, ambamo nchi tatu zilichangia mtaji sawa lakini mikopo ikapangwa 38.75% Tanzania, 38.75% Uganda na 22.5% Kenya. Makao makuu ya mashirika yaligawanywa: reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, sekretarieti Arusha. Waandishi wa mkataba walijua kabisa kwamba Kenya ilitoka ukoloni ikiwa na viwanda vingi zaidi.

Kwa nini dawa hizo hazikutosha? Mtaji wa benki ulikuwa mdogo mno ukilinganisha na pengo lenyewe. Halafu hakukuwa na chombo chenye nguvu ya kupanga kiwanda gani kijengwe wapi, ndiyo ukapata kiwanda cha matairi Arusha na kingine Nairobi, vyote vikigombea soko lile lile.

Kilichoua kabisa, kwa maoni yangu, ni umbo la uamuzi. Juu kabisa kulikuwa na Mamlaka ya marais watatu, na mambo mazito yalipanda hadi kwao. Idi Amin alipomwondoa Obote 25 Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na Mamlaka haikukutana tena. Fikiria chombo ambacho kila mgogoro usiotatuliwa chini lazima upande juu, na juu hakuna kikao kwa miaka sita. Migogoro ilirundikana. Ofisi za mashirika katika nchi moja zikawa zinachelewesha au kuzuia kupeleka makusanyo makao makuu yaliyoko nchi nyingine, kwa hoja ya uhaba wa fedha za kigeni. Shirika la ndege likasambaratika mwanzoni mwa 1977, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya Februari, na kufikia Julai Jumuiya haikuwepo. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Mgawanyo wa mali na madeni, uliosimamiwa na msuluhishi Mswisi Victor Umbricht, ulisainiwa Arusha 14 Mei 1984: Kenya 42%, Tanzania 32%, Uganda 26%.

Sasa jaribio la kumpa mwenzako. Pengo la viwanda kati ya Kenya na wenzake lilikuwepo 1967 waliposaini, na lilikuwepo 1977 walipoachana. Kitu kilichokuwepo muda wote hakiwezi peke yake kueleza kwa nini mwaka fulani wakaunga na mwaka mwingine wakavunja. Kilichobadilika katikati ni njia ya uamuzi kuziba (1971), mafuta kupanda bei (1973) na mielekeo ya kiuchumi kuachana zaidi na zaidi baada ya Azimio la Arusha. Mwambie akuonyeshe kwamba pengo lenyewe lilipanuka kabla ya kila hatua ya kuvunjika. Akiweza, hoja yake imesimama na uikubali. Asipoweza, ana maelezo ya kwa nini walinung'unika, hana ya kwa nini walivunja.

Na angalia kilichofanyika baadaye. Itifaki ya Umoja wa Forodha iliyosainiwa Machi 2004 iliacha baadhi ya bidhaa za Kenya ziendelee kutozwa ushuru zikiingia Tanzania na Uganda, ukipungua kila mwaka hadi kufika sifuri 2010, huku bidhaa za Tanzania na Uganda zikiingia Kenya bure. Hofu ya nani kapata zaidi ilipewa ratiba yenye tarehe ya mwisho.

Wakili_Mpakani

Naongezea mambo mawili, lile tawi la nne na mahakama.

Tunaposema "Kenya ilifunga" tunaficha watu wengi ndani ya neno moja. Msagishaji wa Nairobi anataka mahindi ya bei nafuu, yatoke popote. Mkulima wa Trans Nzoia au Uasin Gishu aliyevuna kati ya Oktoba na Desemba bado anaweza kuwa na mzigo ghalani mwezi Machi, naye anataka bei ipande. Wizara ya afya ina kumbukumbu yake: mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui vikiwa katikati ya balaa hilo. Usiandike kwamba hoja ya afya ilikuwa kisingizio kitupu. Tanzania nayo ilipoteza watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Moravcsik (1997), mwananadharia wa tawi hili, anasema anza hapo, nani ndani ya nchi anasikilizwa na serikali, kabla ya kwenda kwenye taasisi za nje. Upande wa pili fanya vivyo hivyo: Juni 2017 Tanzania ilizuia mahindi ghafi kwenda nje na kutaka usafirishwe unga, kwa hoja ya akiba ya chakula. Aliyepata ni msagishaji wa ndani, aliyeumia ni mkulima wa Rukwa. Nchi ile ile, mwaka mwingine, kundi jingine limesikilizwa.

Mahakama ya Afrika Mashariki ndiyo sehemu ambayo uliberali unaweza kujivunia, na pia inaonyesha kikomo chake. Chini ya ibara ya 30 ya Mkataba wa EAC ya sasa, mkazi yeyote wa nchi mwanachama, mtu au kampuni, anaweza kupeleka shauri dhidi ya sheria, kanuni, agizo, uamuzi au kitendo cha nchi au cha chombo cha Jumuiya. Hakuna sharti la kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Mfanyabiashara haombi serikali yake imsemee. Mfano mzuri ni shauri namba 7 la 2017: Uganda ilibadili sheria ya ushuru wa bidhaa, sigara zinazotoka Kenya zikatozwa zaidi ya zinazotengenezwa ndani. Kampuni ya British American Tobacco ya Uganda ilishtaki serikali ya Uganda, na Machi 2019 mahakama ikasema bidhaa ya nchi mwanachama haiwezi kutendewa kama ya nchi ya nje.

Mambo yanayowaangusha wadai ni haya. Muda ni miezi miwili tu tangu kitendo kifanyike au tangu mdai alipokijua, na Divisheni ya Rufani ilishasema mwaka 2012, kwenye rufaa ya Kenya dhidi ya Independent Medical Legal Unit, kwamba kudai ukiukaji bado unaendelea hakukufungulii mlango. Pili, shauri huchukua miezi mingi au miaka, wakati zuio la mahindi liliisha ndani ya wiki moja. Mahakama haisaidii mzigo unaooza Namanga. Tatu, hukumu isiyo ya fedha inategemea nchi yenyewe kuchukua hatua. Hakuna askari wa mahakama.

Na wanafunzi wengi husahau kwamba kikomo cha miezi miwili kina historia. Novemba 2006 mahakama ilizuia wabunge wa Kenya kuapishwa katika Bunge la Afrika Mashariki, kwenye shauri la mwanasiasa wa Kenya Anyang' Nyong'o. Wiki chache baadaye wakuu wa nchi walirekebisha Mkataba: mahakama ikagawanywa divisheni mbili, muda wa kushtaki ukawekewa kikomo, sababu za kumwondoa jaji zikapanuliwa. Hapo mhalisia ana la kusema. Lakini tazama pia walichokiacha: haki ya mtu binafsi kushtaki haikufutwa, na Machi 2007 mahakama ikatoa hukumu dhidi ya utaratibu wa Kenya wa kuchagua wabunge hao. Serikali ziliibana mahakama, hazikuiua.

Hewa_Safi

Mdadisi, weka na kesi iliyofanikiwa uwe na cha kulinganisha. Itifaki ya Montreal, iliyosainiwa 16 Septemba 1987 kulinda tabaka la ozoni, imeridhiwa na nchi zote za Umoja wa Mataifa. Itazame muundo wake.

Kukaa nje kulifanywa ghali: ibara ya 4 inawazuia wanachama kufanya biashara ya kemikali zinazoharibu ozoni na nchi isiyojiunga. Nchi zinazoendelea zenye matumizi chini ya kilo 0.3 kwa mtu kwa mwaka zilipewa miaka kumi ya ziada chini ya ibara ya 5. Mwaka 1990, London, ukakubaliwa mfuko wa kulipia gharama za nyongeza za kubadilisha mitambo, na kamati yake ya utendaji ina wajumbe 14, saba kutoka nchi zinazochangia na saba kutoka zinazopokea. Kila nchi inatoa takwimu kila mwaka ifikapo 30 Septemba. Anayeshindwa anaitwa mbele ya kamati ya nchi kumi na kupewa mpango wenye tarehe. Adhabu inakuja mwishoni kabisa. Marekebisho ya Kigali ya Oktoba 2016 yametumia mifupa hii hii.

Ukiilinganisha na mahindi, kuwa mwangalifu. Wazalishaji wa zile kemikali walikuwa kampuni chache na mbadala ulipatikana. Wazalishaji wa mahindi ni mamilioni, na hakuna mbadala wa ugali. Lakini kuna kinachohamishika: aliyeambiwa atimize 10 ppb hapa kwetu hakupewa mfuko wa vikaushio na maturubai. Montreal ililipia utekelezaji. EAC iliandika kiwango ikamwachia mkulima anayeanika chini aone atakavyofanya.

Mdadisi_Njiro

Nawashukuru sana wakuu. Dada Bi_Tabora, jaribio la pengo lisilobadilika nalichukua. Kaskazi, nimeelewa dhana yangu sasa iwe hii: migogoro itajazana kwenye bidhaa ambazo ni vigumu kuzihakiki, kama mahindi na maziwa, kuliko zilizo rahisi kuhakiki kama saruji. Data nizitoe wapi, na nijihadhari na nini?

Kaskazi

Dhana ni nzuri kwa sababu inaweza kukataliwa. Anzia kwenye mfumo wa mtandaoni wa kuripoti vikwazo wa Utatu wa jumuiya za kikanda za COMESA, EAC na SADC. Kila lalamiko lina tarehe, nchi, bidhaa na hali ya utatuzi. Halafu chukua taarifa za Baraza la Mawaziri la EAC zinazoorodhesha vikwazo vilivyotatuliwa na visivyotatuliwa. Panga bidhaa kwa ugumu wa kuhakiki kabla hujaangalia malalamiko, vinginevyo utapanga ili upate jibu unalolitaka. Kigezo rahisi: je, kipimo kinafanyika pale pale mpakani, au sampuli lazima isafirishwe maabara? Kinaharibu bidhaa au hapana? Matokeo yanarudi baada ya muda gani?

Mitego ipo mitatu ninayoijua. Idadi ya malalamiko inapima pia bidii ya walalamikaji. Wenye chama imara huripoti kila kitu, mama anayepitisha debe tatu haripoti. Kwa hiyo gawanya malalamiko kwa thamani ya biashara ya bidhaa ile, usihesabu tupu. Pili, neno "kimetatuliwa" huwekwa na maofisa, na kikwazo kile kile kinaweza kurudi miezi sita baadaye kwa jina jipya, leo kibali, kesho ada ya ukaguzi. Fuatilia bidhaa na kituo cha mpaka, siyo jina la kikwazo. Tatu, saruji inaweza kuwa na malalamiko machache kwa sababu tu kila nchi ina viwanda vyake na biashara yenyewe ni ndogo. Hiyo haikuthibitishii chochote kuhusu uhakiki.

Bi_Tabora

Na weka safu ya nne kwenye jedwali lako: bidhaa hiyo ina wazalishaji wenye sauti ndani ya nchi inayozuia, ndiyo au hapana. Ikitokea safu hiyo ndiyo inayoeleza malalamiko kuliko ugumu wa kupima, basi hoja ya Wakili imeishinda ya Kaskazi, na unapaswa kuiandika hivyo. Maziwa yatakusumbua hapo, kwa sababu yana vyote viwili. Tafuta bidhaa iliyo ngumu kupima lakini haina mtetezi ndani, na nyingine rahisi kupima yenye watetezi wakali. Sigara za lile shauri la Uganda ni za kundi hili la pili, hakuna mtu aliyegombania kipimo chake, na bado zilifika mahakamani.

Kaskazi

Hilo nalikubali. Anzia na sigara.